Ripoti ya mtoto mwenye nimonia kali imetaja virusi na bakteria kwa pamoja, sasa aliyemlaza ni yupi?

MamaWaPili

Habari za saa hizi wakuu, naomba msinichoke maana maswali ni mengi na kichwa hakijatulia. Mwanangu ana miezi nane na kitu, ya tisa anaingia wiki ijayo, kalazwa na nimonia kali. Alianza na mafua tu na kikohozi, tukasema haya ni mafua ya watoto yataisha, usiku ghafla akaanza kuhema haraka haraka, ziwa hataki, akilishika anaachia, ukimfunua nguo hapa chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta pumzi. Kufika tu wakambana kile kipimo cha oksijeni kidole cha mguu kikasoma asilimia 86, hapo hapo akawekewa oksijeni ya mipira ya puani na sindano za antibayotiki aina mbili zikaanza. Namshukuru Mungu anaendelea vizuri, jana kanyonya mpaka akasinzia.

Shida yangu ni hii karatasi. Walimchukua makamasi kwa kile kijiti kinachoingia puani mpaka ndani kabisa, mtoto kalia mpaka na mimi nikalia, na damu wakachukua ya kuotesha waone kama kuna bakteria. Majibu ya puani yanasema kapatikana na RSV, kapatikana na rainovirusi, kapatikana na Streptococcus pneumoniae, kapatikana na Haemophilus influenzae, hao wawili wa mwisho wanasema ndo bakteria. Vinne kwa mpigo jamani! Ya damu ndo wanasema hakuna kilichoota. Daktari wa zamu kapita mbio kasema hii inaelekea ni RSV, halafu hapo hapo kamwambia nesi sindano ziendelee.

Sasa mi nauliza, kama ni RSV na RSV ni virusi, sindano za nini? Na huyo Streptococcus si ndo wa ile chanjo ya nimonia, mtoto kachomwa zote za umri wake kadi hii hapa, imekuwaje yupo? Damu kutoota kitu maana yake bakteria hana? Na kaka yake wa miaka minne ndo alianza mafua kabla yake, na yeye nimpe dawa au? Lugha nyepesi tafadhali, nasoma kwa simu huku nimembeba mtu.

VidongeVichache

Pole sana dada, Mungu amponye mtoto. Ila jibu mbona unalo mwenyewe hapo, RSV ni virusi, antibayotiki haiui virusi, kesi imeisha. Wanajaza sindano kwa mazoea tu ndo maana dawa siku hizi zinagoma, kila mtoto akikohoa amoksilini, akikohoa tena sindano. Wa kwangu alipewa antibayotiki za mafua mara kibao kabla hajatimiza mwaka na hakuna hata moja iliyomsaidia. Waulize wakupe sababu wasipokuwa nayo waache.

Darubini

@VidongeVichache taratibu mkuu, usimwambie mzazi mwenye mtoto kwenye oksijeni aombe dawa isitishwe, hilo siyo la kusema tu mtandaoni.

Mama mimi niko upande wa maabara kwa hiyo nitaongelea karatasi yako, matibabu watakuja wenyewe wa wodini. Kwanza ujue kile kijiti kimeokota vitu vya PUANI na nyuma ya koo. Nimonia iko kwenye mapafu, huko chini kabisa kwenye vifuko vya hewa, na mtoto mdogo hatoi makohozi ya kutema kama mtu mzima, na kuingiza sindano kwenye pafu kuchukua maji ya kupima hakuna anayekufanyia kirahisi. Kwa hiyo tunapima puani halafu tunakisia ya mapafuni. Hapo ndo utata wote unapoanzia.

Kipimo chenyewe kinaitwa PCR, kinatafuta vinasaba, na ni kikali mno, hata vidudu vichache sana vinaonekana, hata virusi vilivyoisha nguvu wiki zilizopita masalia yake bado yanasoma. Ukinipa watoto wazima wanaocheza nje niwapime pua leo, kundi kubwa nitawakuta na nimokokasi, ndo huyo Streptococcus wako, na Haemophilus pia, na rainovirusi ndo usiseme. Wanaishi humo, wanakuja wanaondoka, mtoto haumwi chochote. Kumkuta mtu amesimama mlangoni siyo ushahidi kwamba ndiye aliyevunja nyumba.

Ila RSV ni habari nyingine. RSV kwa mtoto mzima asiye na dalili huwa haipatikani sana, ukiikuta kwa mtoto mchanga anayehema kwa shida uwezekano kwamba ndiyo inayomsumbua ni mkubwa. Hata metapneumovirusi, parainfluenza na virusi vya mafua makali influenza viko hivyo hivyo, vikionekana kwa mgonjwa vina uzito. Kwa hiyo ile orodha ya majina manne usiyasome kama yako sawa, daktari wako alivyosema inaelekea ni RSV hakubahatisha, kasoma kama ninavyosoma mimi.

Damu sasa. Kutoota HAIMAANISHI hakuna bakteria mapafuni. Kwenye nimonia ya bakteria mara nyingi bakteria wanabaki kwenye pafu wala hawamwagiki kwenye damu, halafu damu ya mtoto inayochukuliwa ni kidogo, na kama alishapewa hata dozi moja ya antibayotiki kabla ya kutolewa damu ndo kabisa haioti. Watoto wengi sana wenye nimonia damu yao haioti kitu. Ikiota tunaiamini. Isipoota hatujajua kitu, samahani kwa jibu baya lakini ndo lilivyo.

Suala la chanjo: nimokokasi wana aina zaidi ya 100, chanjo inalenga zile zinazoua zaidi, kuna ya aina 10, kuna ya 13 na zimekuja za aina nyingi zaidi. Aina ambazo hazimo kwenye chanjo zinaendelea kukaa puani kama kawaida, na kipimo chako kimeandika jina la ukoo tu, hakijasema ni aina gani. Haemophilus naye ni vile vile, chanjo yake iko ndani ya ile ya magonjwa matano pamoja na dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini B, na inapiga aina b peke yake, Hib. Wale wengine wasio b wamejaa puani kwa watoto na chanjo haiwagusi. Kwa hiyo kuona majina hayo mawili usiseme chanjo imefeli.

NesiZamuUsiku

Mama pole, na hongera kwa kumwahisha, 86 siyo ya kusubiria asubuhi. Kwa mtoto oksijeni ikishuka chini ya 90 hiyo tayari ni nimonia kali hata kama anakutazama vizuri, na wapo wanaokutazama vizuri kabisa, ndo maana tunabana kidole kila anayekuja anahema.

Kuhusu sindano nikueleze tunavyofikiria wodini. Mtoto akiingia na nimonia kali hatuna kipimo cha kutuambia usiku ule ule kwamba hiki ni virusi vitupu. Eksirei inaonyesha pafu limeathirika lakini haiandiki jina la mdudu. Rangi ya makamasi nayo haisemi, naona watu wanasema ya kijani ni bakteria, hapana, virusi pia vinatoa kijani. Kuna kipimo cha damu CRP, ikiwa juu sana, kama zaidi ya 40 huko, tunaelekea kwenye bakteria, ila adenovirusi naye anaipandisha mpaka unachanganyikiwa. Sasa una mtoto oksijeni 86, ukimnyima antibayotiki ukasubiri majibu na kumbe ana bakteria, masaa unayopoteza ndo hayo hayo yanayoua. Ndo maana mwongozo wa WHO wa nimonia kali unasema sindano zianze moja kwa moja, ampisilini au penisilini pamoja na jentamisini, angalau siku tano, asipopata nafuu wanabadilisha. Hizo aina mbili ulizoziona naamini ndo hizo.

Ila naomba uelewe kitu kimoja ambacho wazazi wengi hawakioni, kwa mtoto mwenye RSV kinachomponya siyo ile sindano. Ni ule mpira wa oksijeni, na maziwa ya mama au maji yanayoingia kwa kipimo, na kumsafisha pua ipitishe hewa, hasa kabla hajanyonya maana mtoto wa umri huo pua ikiziba hawezi kunyonya na kuhema kwa pamoja. RSV haina dawa ya kuiua ambayo tunawapa watoto kila siku wodini, mwili wenyewe unaimaliza, sisi tunamsaidia kuhema mpaka ifike mwisho. Kwa hiyo usikubali mtu akung'oe ule mpira eti mtoto ananung'unika, wakitaka kujaribu kumtoa watamtoa wao huku wanaangalia kipimo.

Huyu kaka mtu usimpe antibayotiki kama ni mafua tu. Mvue shati akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya wala ametoka kukimbia, shika saa, angalia tumbo na kifua vinapanda vinashuka, hesabu DAKIKA NZIMA, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili maana watoto wanahema kwa mafungu, anaenda mbio halafu anatulia kidogo. Wa mwaka mmoja mpaka chini ya mitano akifika 40 au zaidi kwa dakika apelekwe aonwe. Wa miezi miwili mpaka kumi na moja ni 50. Chini ya miezi miwili ni 60, na hao wachanga hata ukiwa na wasiwasi tu nenda. Halafu angalia chini ya mbavu kama ulivyofanya kwa huyu. Kama haharakishi, mbavu haziingii, anakula anacheza, hayo ni mafua, mpe vya kunywa na mfundishe kunawa mikono kabla ya kumshika mdogo wake, maana RSV inapita sana kwenye mikono na inakaa kwenye vitu vigumu masaa kadhaa, midoli, meza, kitasa. Kwa mtoto wa miaka minne ni mafua tu, ikifika kwa mwenye miezi michache ndo inashuka mapafuni kwa sababu njia zake za hewa ni nyembamba mno, uvimbe kidogo tu na ute zinaziba.

VidongeVichache

Sawa nesi kwa hapo wodini nimekuelewa, hoja ya oksijeni 86 siwezi kubishana nayo. Lakini mimi naongelea huku nje, mtoto anakohoa, hahemi haraka, mbavu ziko sawa, anatoka na chupa ya antibayotiki na sirapu ya kikohozi juu. Hiyo nayo mtaitetea?

NesiZamuUsiku

Hiyo siitetei hata kidogo. Kikohozi na mafua bila kuhema haraka na bila mbavu kuingia hakihitaji antibayotiki, mwongozo uko wazi. Na hizo sirapu ndo bure kabisa kwa mtoto mdogo, zingine zinamlevya tu. Hapo tuko pamoja mkuu.

Kwenye mbavu kuingia kuna kitu kimebadilika watu wengi hawajui. Zamani kifua kuingia ndani peke yake kilikuwa kinaitwa nimonia kali na mtoto analazwa. WHO ikaja kubadilisha, sasa kifua kikiingia lakini mtoto ananyonya, hatapiki kila kitu, hana degedege, hajalegea, na oksijeni iko vizuri, anaweza kutibiwa kwa amoksilini ile ya kuyeyusha kwenye maji akiwa nyumbani huku anafuatiliwa. Kinachomfanya awe wa kulazwa ni zile dalili za hatari. Wa huyu mama alikuwa hanyonyi na oksijeni chini, alitakiwa kulazwa tena haraka.

BabaTriplets_kasoro1

Pole mama. Niongeze la kwetu kwa sababu naona mnasema virusi virusi mpaka mtu anaweza kudhani bakteria hawapo siku hizi. Wa kwangu mmoja alianza hivyo hivyo mafua, akapata nafuu kabisa homa ikashuka tukapumua, halafu homa ikarudi kwa kishindo, kuliko ya mwanzo, na siku hiyo hiyo hali ikageuka vibaya, anahema anakoroma, rangi imempotea. Kituo cha kwanza tulichofika wakatuambia ni yale yale mafua hayajaisha turudi nyumbani, bahati mke wangu akakataa kuondoka tukaenda kwingine. Kumbe ni bakteria anaitwa stafilokokasi, usaha ulikuwa umejaa pembeni ya pafu, akatobolewa ubavuni akawekewa mpira ukawa unatoa usaha kwenye chupa, dawa zikabadilishwa wakampa kloksasilini na akakaa nazo muda mrefu sana. Leo anakimbia huwezi kujua, ila kovu la ule mpira lipo.

Kwa hiyo mzazi akiona mtoto alipata nafuu halafu homa imerudi, asikubali kuambiwa ni mafua yale yale.

dkt_mapafu

Baba hapo juu umeeleza kitu ambacho sisi tunakifundisha kwa picha nyingi, nashukuru. Hiyo ya kupata nafuu kisha homa kurudi ni alama ya bakteria kuingia baada ya virusi.

@MamaWaPili swali lako la "yupi" ni zuri na limeumiza vichwa vya watu wazito. Kuna utafiti mkubwa unaitwa PERCH, ulifanyika nchi saba, Bangladesh, Gambia, Kenya, Mali, Afrika Kusini, Thailand na Zambia, majibu yake makuu yakachapishwa 2019. Walichofanya kinajibu kile Darubini anachokilalamikia, hawakupima wagonjwa peke yao. Walichukua watoto zaidi ya 4,000 wa mwezi 1 hadi 59 waliolazwa na nimonia kali, wakachukua na wengine zaidi ya 5,000 wa maeneo hayo hayo ambao hawana nimonia, wote wakapimwa pua kwa kipimo kile kile. Hapo ndo ikaonekana nani anazurura tu na nani anaumiza. Kwa watoto wasio na VVU ambao eksirei ilionyesha pafu limeathirika kweli, virusi vilibeba kama asilimia 61, bakteria kama 27, na TB karibu 6. RSV peke yake alichukua asilimia 31, hakuna mwingine aliyemkaribia. Waliofuata kwa uzito ni rainovirusi, metapneumovirusi, parainfluenza, nimokokasi, TB na Haemophilus.

Mimi binafsi hiyo TB ndo ilinishtua zaidi ya RSV. Watu wanadhani TB ni kikohozi cha miezi cha mtu mzima, kumbe kwa mtoto mdogo inaweza kuja kwa sura ya nimonia ya ghafla. Mtoto asipopata nafuu kwenye antibayotiki zilizo sawa, au nyumbani kuna mtu anakohoa muda mrefu, tuulizeni kuhusu TB, msisubiri sisi tukumbuke.

Sasa msizisome namba hizo kwamba bakteria wamekwisha. Zilipatikana sehemu ambazo nyingi zilikuwa tayari zinatoa chanjo ya Hib, na baadhi ya nimokokasi. Bakteria wamepungua KWA SABABU wanachomwa chanjo, ukiacha chanjo watarudi. Na ukitoka kwa waliolazwa ukaenda kwa watoto waliofariki, picha inabadilika, bakteria kama nimokokasi na klebsiela wanaonekana sana humo. Klebsiela ni wa kuogopa kwa sababu anakataa dawa nyingi na mara nyingine mtoto anamwokotea hospitali hapo hapo.

Halafu kuna hii ambayo kwangu ndo inajibu swali lako vizuri kuliko asilimia zote. Afrika Kusini walifanya majaribio ya chanjo ya nimokokasi, ile ya aina 9, majibu yakatoka 2004. Chanjo ni ya BAKTERIA, lakini walipohesabu watoto waliolazwa na nimonia yenye VIRUSI wakakuta waliochanjwa wamepungua kwa asilimia 31. Chanjo ya bakteria inapunguzaje nimonia ya virusi? Ni kwamba nyingi ya zile nimonia zilizoandikwa virusi zilikuwa za wawili. Virusi vinaingia vinachubua utando wa njia ya hewa, vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kwenda juu vinakufa, na nimokokasi aliyekuwa amekaa zake puani bila kumsumbua mtu anapata njia ya kuteremka na huko chini hakuna wa kumzuia. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye mafua makubwa ya 1918, waliokufa wengi walimaliziwa na nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma.

Kwa hiyo ukiniuliza RSV au nimokokasi, kwa mwanao naegemea RSV, umri wake, dalili zilivyoanza, na RSV yenyewe kuonekana puani. Lakini siwezi kuapa kwamba nimokokasi hajagusa, na kwa sababu siwezi kuapa simnyimi sindano. Hayo ndo mawazo ya yule daktari wa zamu aliyepita mbio, angekaa dakika tano angekueleza.

MamaWaPili

Jamani nawashukuru, nimesoma yote nimemsomea na baba yake kwa sauti. Dokta hapo kwenye wawili ndo nimeelewa, nilikuwa nadhani lazima awe mmoja tu.

Maswali madogo ya mwisho. Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba na sisi tunaishi naye, nimesikia kuna chanjo ya RSV ya mjamzito, ni kweli au ni maneno ya watu? Na huyu wangu wiki ijayo alikuwa achomwe ya surua, sasa si nisubiri apone kabisa kwanza mwezi au miwili? Na jirani yangu hapa wodini wa kwake ana miezi minne, mama ana VVU, yeye wamempa dawa tofauti na ya kwangu, nayo kwa nini?

dkt_mapafu

Ni kweli kabisa. Chanjo ya RSV kwa mjamzito ilianza kuidhinishwa 2023, anachomwa miezi ya mwisho ya ujauzito, kinga inapita kwa mtoto tumboni na inamlinda miezi yake ya kwanza ambayo ndo mibaya zaidi. Kuna na sindano nyingine ya kinga inayochomwa mtoto mwenyewe akizaliwa, nirsevimab, siyo chanjo kwa maana halisi, ni kinga iliyotengenezwa tayari. Hazijafika kila mahali, aulize kliniki anayohudhuria. Kama haipo basi ni mikono kunawa, mwenye mafua asimbusu mtoto, maziwa ya mama peke yake miezi sita, na moshi mbali, wa sigara na wa kupikia.

Wa miezi minne mwenye mama wa VVU ni sahihi alivyopewa tofauti. Watoto hao kuna mdudu mwingine anawavizia, ni fangasi siyo bakteria wala virusi, anaitwa Pneumocystis, anapenda sana umri wa miezi miwili hadi sita, oksijeni inashuka vibaya mno wakati ukimsikiliza kifua huenda usisikie kitu cha maana. Dawa yake ni kotrimoksazoli ya dozi kubwa, tunaianza bila kusubiri majibu. Ndo maana pia watoto wanaozaliwa na mama mwenye VVU wanapewa kotrimoksazoli ya kinga mapema.

NesiZamuUsiku

La surua nijibu mimi maana hili linaniudhi kila siku. USISUBIRI. Surua yenyewe ni virusi na kifo chake kwa watoto kikubwa kinakuja kwa njia ya nimonia, na baada ya surua kinga ya mtoto inashuka muda mrefu bakteria wanaingia wanavyotaka. Mtoto aliyelazwa akishatulia anachomwa kabla ya kuruhusiwa kama umri umefika, kwenye wodi ya watoto ndo sehemu mbaya kuliko zote ya kukaa bila chanjo ya surua. Siku wakikuandikia ruhusa toa kadi, waambie ya miezi tisa bado, akiwa anaenda nyumbani siku mbili kabla ya umri watakupangia tarehe, usiondoke bila tarehe.

Na kikohozi kitabaki, usishtuke, wiki mbili mpaka nne anaweza kuendelea kukohoa huku anapona. Cha kukurudisha ni zile zile, akigoma kunyonya, akianza tena kuhema haraka au mbavu kuingia, akilegea, au homa iliyokwisha kurudi kama alivyosema baba hapo juu. Wakikupa amoksilini ya kumalizia nyumbani imalize yote, usimwekee kaka yake iliyobaki.

MamaWaPili

Nimeandika kwenye kadi kwa peni kabisa "surua kabla ya kutoka". Asanteni, wamekuja kumpima tena ngoja niwashikie mguu.